Kila Nilipotumwa Maji

Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo hakuna hata wa kutikisa jani la muhindi, na jioni hii ardhi bado inatoa joto kama kikaango kilichoepuliwa sasa hivi. Nimeoga kwa sabuni ya mche lakini mikono yangu bado inanuka makaa. Naandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari langu la Siasa la darasa la saba. Nisipoandika nitalia, na Mama atasikia, na leo sitaki Mama asikie.

Kisu changu kimevunjika.

Kimevunjika mbele ya katibu wa kijiji, mbele ya mabalozi wa nyumba kumi, mbele ya wasichana niliosoma nao. Wamecheka. Hilo nimelizoea, si ndilo linaloniuma.

Nilipomaliza shule na jina langu halikuwamo kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari, sikumwambia mtu yeyote jinsi nilivyoumia. Mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiniuliza swali, hata kama jibu nalijua, nilimtazama tu mpaka akachoka akamuuliza mwingine. Mama ndiye aliyenipeleka kwa Mjomba Athumani, kaka yake, mhunzi pekee wa kijiji chetu tangu watu walipohama kutoka kwenye mahame yao wakaja kukaa pamoja hapa. Mama alimwambia, huyu mtoto hasemi, labda chuma kitasema naye. Mjomba akacheka. Akasema kweli anahitaji mtu wa kuvuta mivukuto ya kupulizia moto, kwa kuwa Salimu, mwanawe, alikwishakwenda zake Dar es Salaam na hataki tena masizi.

Basi asubuhi nilikuwa shamba la ujamaa na wenzangu, na mchana nilikuwa bandani kwa Mjomba. Nilivuta mivukuto ile ya ngozi ya mbuzi mpaka mabega yakawa magumu kama ya mbeba magunia. Baadaye akanipa nyundo ndogo. Baadaye tena akanikatia kipande cha springi, kutoka kwenye lori bovu la shamba la mkonge kule Korogwe, akasema, haya, toa kisu humo.

Sijawahi kupewa kitu nikafurahi vile.

Kisu changu cha kwanza hakikuwa kisu. Nilikiacha motoni nikiamini kwamba kadiri moto unavyozidi ndivyo chuma kinavyolainika. Kikawa cheupe, kikarusha cheche kama fataki, na nilipokipiga nyundo kikamomonyoka kama muhogo uliooza. Mjomba akaniambia chuma nacho kinaungua, kama ugali. Kosa hilo lilikuwa langu.

Cha pili nilikifua kikiwa kimepoa, kwa sababu nilikuwa naona haya kukirudisha motoni mara nyingi, nikidhani atasema namaliza makaa. Kikapata ufa. Kosa hilo nalo langu.

Cha tatu kilitoka vizuri, nikakipa mpini wa mkwaju niliokata siku ileile. Mti mbichi. Nikampelekea Mama kwa fahari. Mpini ulipokauka ukasinyaa, na siku moja Mama akikatia nyanya juu ya sufuria, kisu kikachomoka kikazama kwenye makande, yeye akabaki ameshika mti. Tulikitafuta kwa upawa huku tunacheka mpaka machozi. Mjomba aliposikia akasema, "Leteni hapa, hicho ni kisu cha kukatia uji." Tangu siku hiyo kila kisu changu kibaya kiliitwa hivyo, kisu cha kukatia uji, na kijiji kizima kikaijua ile kauli.

Sikukasirika. Makosa yale yalikuwa kama ngazi, nilikanyaga moja nikaona nyingine. Nilijifunza kuutambua moto kwa rangi, nikajifunza kuanika miti ya mipini darini, nikajifunza kupitisha tupa bila kuitetemesha. Makali yangu yakaanza kuwa mazuri. Hata Mjomba alikuwa akiyapitishia kidole gumba, akiguna.

Lakini visu vyangu vilikuwa vinavunjika.

Nilikuwa nakizima kisu majini kama yeye, kikalia kama nyoka, kikatoka kigumu kiasi kwamba tupa inateleza juu yake. Nakinoa, kinakata vizuri sana, na siku moja tu kikigonga mfupa au kikianguka kwenye jiwe, kinapasuka kama kigae. Chake hakivunjiki. Chuma ni cha springi ileile, makaa yaleyale, maji ya pipa lilelile. Nilimuuliza. Ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kumuuliza. Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kama mtu anayenunua kuku, akasema, "Tatizo ni huu. Mkono wako una haraka, mpwa wangu. Chuma kinaijua haraka."

Nikaamini.

Nikaanza kuufundisha mkono wangu upole. Nilichunga unga polepole. Niliosha vyombo polepole, nilipalilia polepole mpaka kiongozi wa shamba akanipigia kelele mbele ya watu kwamba nategea. Nyumbani Mama alinitazama nikikoroga uji kama mtu anayeota, akanyamaza. Nilidhani ananishangaa. Leo najua alichokuwa anakitazama.

Kisha zikaja habari za Korogwe. Katibu alisema kwenye mkutano kwamba kiwanda cha zana cha pale mjini kitachukua kijana mmoja kutoka vijiji vya upande wetu, akafundishwe kufua majembe, mapanga na visu vya kukatia mkonge, halafu arudi kuwafundisha wenzake. Fundi wa kiwanda atakuja kuona kazi za vijana kwa macho yake. Kama kijiji chetu hakina mtu, nafasi itakwenda Kwaluguru, wenyewe tayari wana kijana wao.

Korogwe nimefika mara moja tu, kumwona shangazi aliyekuwa mgonjwa. Nakumbuka harufu ya mkonge unaokaushwa, na treni iliyopita alfajiri ikatikisa kikombe juu ya meza. Tangu siku ya mkutano ule nilikuwa nalala nikiwaza kile kikombe. Nilijiona naamka kwa shangazi, navaa, nakwenda kazini. Kazini! Mimi, ambaye sikuchaguliwa.

Nikafua kisu kimoja kwa moyo wangu wote, na kingine cha akiba nikakiacha bandani bila mpini. Kile cha kwanza nilikipa mpini wa mkwaju mkavu kabisa, nikaukaza, nikaupaka mafuta ya nyonyo. Nilikizima majini polepole, mkono hautetemeki.

Leo asubuhi fundi amekuja. Ni mtu mzima, Mshambaa, mfupi, anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alishuka kwenye Landrova ya wilaya, akakataa kiti alichowekewa, akaja moja kwa moja bandani. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono apewe kisu.

Alikata jani la mkonge. Kisu kikapita kama hakuna kitu. Watu wakasema, "Aah." Akakata fimbo kavu ya mkwaju kwa pigo moja, akanitazama, na mimi nikatazama vidole vya miguu yangu, lakini moyoni nilikuwa nimeshafika Korogwe. Halafu akachomeka ncha ya kisu kwenye gogo, akakivuta pembeni kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango kuona umefungwa.

Kikalia ka.

Nusu ilibaki kwenye gogo. Nyuma yangu kijana mmoja akasema, "Kisu cha kukatia uji hicho," na kicheko kikatoka mwisho wa banda hadi mwanzo. Fundi hakucheka. Alikiinua kile kipande, akautazama mvunjiko wake kwenye mwanga, akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia ni Mjomba wangu, huyu hapa.

"Ulipokizima majini, ulikirudisha motoni?"

Sikuelewa. Nikamuuliza, "Kukirudisha vipi?" Nilisema kwa sauti ndogo mpaka akainama anisikie.

Akainuka. Alimgeukia Mjomba na kumtazama kwa muda. Mjomba alikuwa anatazama fuawe lake la kufulia chuma, kama aliyepoteza kitu juu yake.

Ndipo nikayakumbuka maji.

Kila mara tukishazima visu, chake na changu, Mjomba alikuwa anachungulia ndani ya pipa na kusema, mpwa, maji yamechafuka, nenda kisimani. Kila mara. Siku ya mvua, siku ya jua, siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimelijaza asubuhi. Nilichukua ndoo nikaenda. Kisima chetu kiko bondeni nyuma ya shule, na foleni ya pale wenyewe tunaijua. Nikirudi namkuta amekaa anavuta sigara yake, visu vimelala juu ya jiwe, vimepoa. Chake kilikuwa na rangi kama ya chai ya rangi karibu na makali, kabla hajakipitishia tupa. Changu kilikuwa cha kijivu. Nilidhani ile rangi ni moshi.

Niliiona kwa macho yangu, nikaiita moshi.

Katibu alikuwa ameshaanza kusema basi, ndugu zangu, nafasi tuwaachie wa Kwaluguru. Fundi akamkatiza kwa upole. Akasema bado, yeye atapita tena njia hii wiki ijayo, na aliyetoa makali yale mkono anao, asiambiwe vinginevyo. Akanirudishia kipande changu. Hakuniambia zaidi. Nafikiri hakutaka kumfundishia Mjomba mpwa wake mbele ya watu. Nimejua kwamba baada ya maji Mjomba alikuwa akikirudisha chake motoni nikiwa kisimani, ili kisivunjike, lakini sijui ni moto kiasi gani, wala muda gani, wala rangi ile ya chai inasimamishwa vipi.

Watu walipoondoka nilibaki. Mjomba alikuwa anapanga makoleo ambayo hayakuhitaji kupangwa. Nilisimama pale mlangoni mpaka nikachoka kusimama, kisha nikasema, "Mjomba, yale maji yalikuwa ya nini?"

"Maji ni maji, mpwa."

"Pipa lilikuwa limejaa."

Akakaa kwenye gogo. Sijawahi kumwona akikaa kabla kazi haijaisha. Akasema bila kunitazama, "Wewe ni mtoto wa kike. Leo upo, kesho umeolewa Mashewa, na moto wa babu yako umeondoka nawe kama sufuria kwenye mzigo wa bibi harusi. Salimu akirudi nitampa nini?"

Nilikuwa na majibu. Kwamba Salimu harudi, tangu aondoke anatuma salamu tu, na hata salamu zenyewe zinapungua. Kwamba marehemu bibi alikuwa akisema sisi Wazigua mtoto wa dada ndiye asiyepotea, kwa kuwa tumbo lililomtoa linajulikana, na watoto nitakaowazaa Mashewa au popote watakuwa wa ukoo wake Mjomba kuliko hao wa Salimu. Kwamba kama hakutaka nijue, angeniacha kwenye mivukuto tu, asinipe nyundo. Na lile kubwa zaidi: kwamba alinishika mkono wangu huu, akautia lawama, akaniacha nauchukia.

Hayo yote yalikuwa kinywani. Badala yake nikasema, "Shikamoo," kana kwamba ndiyo kwanza nafika.

Naye akaitikia, "Marahaba."

Nikaondoka. Njiani nilijiona mjinga hata nikataka kurudi niseme neno jingine lolote.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nikakaa karibu naye, nikaweka kipande cha kisu juu ya ungo, nikaanza kumweleza. Nilikuwa sijafika kwenye habari ya kisima. Nilikuwa bado kwenye swali la fundi. Mama hakuinua kichwa. Akasema, "Alikuwa anakutuma maji."

Hakuuliza. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtoto wake.

Nikamtazama. Akaendelea kupukuchua, punje zikaruka nje ya ungo, hakuziokota. Akaniambia yeye alikuwa akivuta mivukuto ya babu alipokuwa mdogo kuliko mimi. Alipenda chuma. Hili sikulijua, nimezaliwa na mwanamke huyu na sikulijua. Babu alikuwa akimtuma maji, na Mjomba Athumani alikuwa anabaki bandani. Alitumwa mpaka siku alipoolewa. Hajawahi kujua kilichokuwa kinafanyika nyuma yake, alijua tu kwamba kinafanyika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani kwako atasahau kukutuma," Mama alisema. "Ni kaka yangu. Alikuwa anaona nikirudi na ndoo, na alikuwa akinionea huruma. Nikajua kwako atasahau."

Hapo ndipo palipouma. Kwa Mjomba niliumia kama mtu aliyechomwa na cheche, unaruka, unapuliza. Kwa Mama ilikuwa kama moto ulioko chini ya majivu. Alikuwa ananiona nikikoroga uji polepole. Alikuwa anajua mkono wangu hauna kosa. Angeweza kusema neno moja, usiku mmoja, tukiwa wawili tu, na mimi ningeacha kujilaumu. Alinyamaza kwa kumtumaini kaka yake, na gharama ya tumaini lake nililipa mimi.

Sikumwambia hivyo. Ni mama yangu. Lakini sikumwambia pia kwamba si kitu, ingawa niliona analisubiri neno hilo.

Nimefikiri sana tangu hapo. Nimejaribu kutenganisha makosa yangu na yasiyo yangu, kama kupepeta. Kuunguza chuma, kufua kilichopoa, mti mbichi, hayo nayachukua, ni yangu, na nayapenda kwa namna fulani kwa sababu yalinifundisha. Hili la mwisho silichukui. Nimeugeuza mkono wangu chini ya mwanga wa koroboi, nimeuangalia. Una malengelenge mawili na alama ya cheche karibu na kidole gumba. Hauna haraka. Haukuwahi kuwa na haraka.

Lakini kuna jambo moja sijalimaliza kuliandika.

Kabla ya magharibi nilichukua ndoo. Mama aliniona, hakuuliza ninakwenda wapi. Nilipofika kisimani nikageuka, nikamkuta nyuma yangu, amebeba ndoo yake na amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kulima. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakatutania, wakauliza kwani kuna shughuli kwetu, maji yote hayo ya nini. Mama akawajibu kwamba ndiyo, ipo.

Tulipanda na kushuka ile njia mpaka shingo zikaanza kutetemeka. Banda la Mjomba halina mlango wa kufunga. Tulimwaga ndoo baada ya ndoo kwenye pipa lile, likajaa, likafika ukingoni, likamwagika chini likalowesha majivu. Tukajaza na mtungi ulio pembeni. Mama akaokota sufuria kuukuu ya Mjomba ya kuchemshia chai, akaijaza nayo, akaiweka juu ya fuawe katikati kabisa. Nikataka kucheka. Nilikuwa bado nimemkasirikia, kwa hiyo sikucheka.

Kwenye jiwe palepale kilikuwa kimelala kisu changu cha akiba, kile kisicho na mpini. Cha kijivu. Kigumu, na kitavunjika kama kikiachwa hivyo.

Kesho nitakwenda mapema. Nitamwamkia Mjomba, safari hii kwa wakati wake. Nitawasha makaa, nitakiweka kisu kile mbele yake, nami nitakaa kwenye gogo nimtazame. Sijui kama atanionyesha. Huenda akanifukuza, huenda akakaa kimya mpaka jua lizame, maana sote katika ukoo huu tunajua kukaa kimya. Akikataa, nitajaribu mwenyewe kwenye mafiga ya Mama, nitavunja vingi, na vyote vitakavyovunjika vitakuwa vimevunjwa na mimi.

Ila atakapoinuka kuchungulia ndani ya pipa, akitafuta pa kunituma, atauona uso wake mwenyewe karibu sana. Limejaa.